Gari Likikwaruzwa kwa Makusudi: Ushahidi Kwanza, Rangi Baadaye

Yapo makosa ambayo hayavunji mlango wala hayamwagi damu, lakini huacha uchungu mkubwa kuliko ukubwa wa hasara yenyewe. Mojawapo ni kukwaruza gari la mtu kwa makusudi. Mwenye gari ameliegesha jioni likiwa zima. Asubuhi analikuta limechorwa mstari mrefu kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, kwa ufunguo, msumari au kigae cha chupa. Hakuna kilichoibwa, injini inawaka na magurudumu ni mazima. Hata hivyo moyo wake unachafuka, kwa maana anahisi kwamba mkono uliofanya hivyo haukuwa wa mgeni.

Katika njia ya kutoka Buraza na Gitega, kupitia Karuzi, hadi Muyinga na mpaka wa Kobero, gari si pambo. Ni teksi inayolisha nyumba, ni gari la kubebea ndizi, maharagwe na magunia ya mchele, ni usafiri wa mgonjwa usiku. Anayelikwaruza hugusa riziki ya watu wengi. Na sababu za kufanya hivyo tunazijua: ugomvi wa kugombea abiria, maneno yaliyotamkwa katika foleni ya mafuta, deni lililochelewa, mvutano wa mpaka wa shamba, au wivu tu. Kwa hiyo mstari ule kwenye mlango ni majeraha mawili kwa wakati mmoja: jeraha la rangi na jeraha la ujirani. Jeraha la rangi linaweza kutibiwa nyumbani kwa subira na vifaa vichache. La ujirani huhitaji sheria, wazee na ulimi uliofungwa lijamu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuyashughulikia yote mawili, na hasa utaratibu wake, kwa sababu anayeanza na rangi kabla ya ushahidi hujipokonya haki yake mwenyewe.

KABLA YA KUGUSA RANGI

Mtu aliyekuta gari lake limechorwa hukimbilia ndoo na kitambaa. Tunashauri asifanye hivyo. Kuosha na kusugua huondoa unga wa rangi uliobaki pembezoni mwa mkwaruzo, na wakati mwingine alama za vidole. Afanye kwanza mambo haya:

1. Apige picha. Picha ya kwanza ioneshe gari zima pamoja na mahali lilipo, ikiwemo nambari ya gari. Ya pili ioneshe ubavu ulioharibiwa. Ya tatu iwe ya karibu, na pembeni ya mkwaruzo pawekwe kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, kama vile sarafu au rula.

2. Aandike tarehe, saa aliyoliegesha gari, saa aliyogundua uharibifu, na majina ya watu waliokuwapo. Mlinzi wa zamu, mama anayeuza maandazi kando ya maegesho na kijana anayeosha magari huona mengi, lakini baada ya wiki moja kumbukumbu zao huwa zimefifia.

3. Atazame ardhini. Msumari, kigae au kipande cha waya kikionekana, asikiokote kwa mkono mtupu. Akifunike na kumwonesha afisa wa polisi.

4. Atoe taarifa mahali kosa lilipotendeka.

Jambo hili la nne ni muhimu sana kwetu sisi tunaoishi karibu na mpaka. Gari likikwaruzwa Kobero, au penginepo upande wa Burundi, taarifa hupelekwa kwa polisi wetu, na afisa wa polisi ya mahakama, ambaye wengi humwita OPJ, huandika hati ya maelezo, ile iitwayo PV. Lakini gari likikwaruzwa Kabanga au Ngara, upande wa Tanzania, taarifa itolewe kwenye kituo cha polisi cha huko huko kabla ya kuvuka kurudi nyumbani, na mlalamikaji aombe nambari ya taarifa ambayo Watanzania huiita RB. Anayerudi kwanza Muyinga ndipo alalamike atalazimika kusafiri tena, na wakati huo mashahidi huenda wamekwisha kutawanyika. Kituo cha pamoja cha mpakani kimerahisisha ukaguzi wa watu na mizigo, lakini hakikuunganisha mamlaka za uchunguzi: kila nchi huchunguza kosa lililotendeka katika ardhi yake.

Iwapo kilichochorwa si mstari bali ni maneno, yaani tishio la kuua, tusi la kabila au jina la mtu, shauri hilo halihusu rangi tena. Maneno hayo yapigwe picha, yafunikwe kwa nguo au karatasi ili yasiwashe hasira za wapita njia, na polisi waitwe mara moja. Picha hizo zisisambazwe kwenye simu. Anayezisambaza humsaidia mkosaji kufikisha ujumbe wake.

JE, NI MAKUSUDI KWELI?

Kabla ya kumshuku mtu, mkwaruzo usomwe kwa makini, kwa kuwa si kila mstari ni uadui. Matawi na miiba ya njia nyembamba huacha mistari mingi, miepesi, inayokwenda pamoja katika mwelekeo wa safari. Mzigo wa baiskeli unaogusa gari huacha mchubuko mfupi, mara nyingi kwenye kingo za milango. Gari jingine likigusana na la kwako huacha bonyeo, na mara nyingi huacha pia rangi yake juu ya yako. Kitambaa chenye mchanga huacha miduara midogo midogo inayoonekana juani.

Mkwaruzo wa makusudi kwa kawaida huwa na sura nyingine. Ni mstari mmoja mwembamba, kwenye kimo cha mkono wa mtu anayetembea, unaovuka kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kujali kingo zake, na mara nyingi kina chake ni kile kile tangu mwanzo hadi mwisho. Wakati mwingine huwa na mawimbi. Hata hivyo, kimo kikiwa cha chini na mistari ikiwa kama michoro, huenda waliofanya hivyo ni watoto waliokuwa wakicheza. Hapo mazungumzo na wazazi yatafaa kuliko mashtaka.

Dalili hizi zinaonesha namna kitu kilivyotendeka. Hazitaji jina la aliyekitenda. Yule mliyegombana naye jana si lazima awe ndiye. Kumtaja mtu hadharani bila ushahidi ni kosa jingine, na kumvamia kwa kipigo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza: aliyekuja kama mlalamikaji ataondoka kama mshtakiwa. Wahenga walisema, hasira hasara.

SHERIA INASEMAJE

Kuharibu mali ya mwingine kwa makusudi ni kosa la jinai katika nchi zote mbili zinazopakana hapa. Nchini Burundi huadhibiwa na Kanuni ya Adhabu, iliyofanyiwa marekebisho kwa sheria ya tarehe 29 Desemba 2017. Nchini Tanzania, kifungu cha 326 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaweza kumpeleka mkosaji gerezani hadi miaka 7. Pamoja na adhabu, aliyedhuriwa ana haki ya kudai fidia ya hasara aliyoipata. Ndiyo maana tunasisitiza picha, taarifa na risiti: mahakama hutaka hasara ithibitishwe.

Wapo wanaodhani kwamba bima itawalipia. Bima ya lazima huwafidia watu wengine waliodhuriwa na gari lako, wala hailipi mkwaruzo uliochorwa kwenye gari lako na mtu asiyejulikana. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo wengi wetu huichukua kabla ya kuvuka kwenda Tanzania, nayo ni kwa ajili ya madhara yanayowapata wengine katika ajali ng'ambo ya mpaka. Ni bima kubwa ya hiari pekee inayoweza kugharamia uharibifu wa aina hii, na kwa kawaida bima hiyo hudai taarifa ya polisi.

RANGI YA GARI ILIVYOJENGWA

Baada ya ushahidi kuhifadhiwa, na afisa anayeandika taarifa kuridhika kwamba ameona alichotaka kuona, mwenye gari anaweza kuanza kazi. Hapaswi kungoja shauri liishe, kwa kuwa chuma kilichofunuliwa hakimsubiri hakimu. Msimu wa mvua chuma kinaweza kuanza kutu kwa siku chache tu. Ikiwa kazi itachelewa, mkwaruzo mkavu ufunikwe kwa utepe wa plastiki ili maji yasiingie.

Ili kujua dawa, ni lazima kwanza kuijua ngozi. Juu ya bati la gari kuna tabaka nne. Ya kwanza ni rangi ya kinga, ambayo kiwandani hubandikwa kwa nguvu za umeme, na kazi yake ni kuzuia kutu. Ya pili ni praima, ambayo mara nyingi ni ya kijivu, inayosawazisha uso. Ya tatu ni rangi yenyewe tunayoiona. Ya nne ni vanishi, tabaka angavu inayoleta mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua. Tabaka zote kwa pamoja huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, yaani kama sehemu moja hadi moja na nusu ya kumi ya milimita. Vanishi peke yake ni mikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa mtu. Anayesugua bila kipimo humaliza kwa dakika chache kinga ambayo hairudi.

Baadhi ya magari meupe hayana vanishi. Rangi nyeupe ya Toyota yenye nambari 040, inayoonekana kwenye magari mengi yaliyotumika Japani na kuingia kwetu kupitia bandari ya Dar es Salaam, ni tabaka moja inayobeba rangi na mng'ao pamoja. Ukiisugua kwa dawa ya kung'arisha, kitambaa hugeuka cheupe. Hilo lisikutishe, ila ni onyo kwamba unachopunguza ni rangi yenyewe.

KUPIMA KINA CHA MKWARUZO

Osha sehemu hiyo kwa maji mengi na sabuni laini, isiyo ya unga. Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga, na anayesugua kabla ya kusuuza huongeza mikwaruzo mipya juu ya ile ya adui. Ikikauka, fanya vipimo vitatu.

Kipimo cha maji: dondoshea maji juu ya mkwaruzo. Ukitoweka ukiwa umelowa na kurudi unapokauka, umeishia kwenye vanishi.

Kipimo cha ukucha: pitisha ukucha taratibu kukata mkwaruzo. Usipokwama, mkwaruzo ni mwepesi. Ukikwama, umefika kwenye rangi au chini yake.

Kipimo cha macho: tazama chini ya mfereji. Ukiona rangi ya gari, kuna nafuu. Ukiona kijivu, umefika kwenye praima. Ukiona mng'ao wa chuma au wekundu wa kutu, umefika mwisho wa tabaka. Kwenye bampa ya plastiki hutaona chuma, utaona plastiki nyeusi au ya kijivu. Huko hakuna hofu ya kutu.

MKWARUZO MWEPESI

Huu ndio unaotibika vizuri zaidi nyumbani. Unahitaji dawa ya kung'arisha rangi ya gari na vitambaa vitatu laini vya pamba, au vya nyuzi ndogo vikipatikana. Gari liwe kivulini na bati liwe baridi. Weka dawa kiasi cha punje ya haragwe kwenye kitambaa, sugua kwa miduara midogo eneo lisilozidi upana wa viganja viwili, kwa nguvu ya kiasi, kwa dakika moja au mbili. Futa, tazama, rudia. Mkwaruzo ukipungua mara ya kwanza na ya pili lakini ukabaki kivuli chake, simama hapo. Ni heri kivuli kisichoonekana kwa mbali kuliko vanishi iliyotoboka. Kingo za milango na mikunjo ya bati huwa na rangi nyembamba zaidi. Zifunike kwa utepe wa karatasi wa mafundi wa rangi kabla ya kusugua. Malizia kwa nta ya gari.

MKWARUZO ULIOFIKA KWENYE RANGI AU CHUMA

Hapa hakuna kusugua kunakotosha, kwa maana kilichoondoka lazima kijazwe. Kwanza tafuta nambari ya rangi. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani kuna kibati katika chumba cha injini au kwenye fremu ya mlango wa dereva, na mbele ya herufi C/TR ndipo nambari ya rangi ilipo. Wauzaji wa rangi za magari huchanganya kwa kufuata nambari hiyo. Kwa kuwa jua hufifisha rangi kadiri miaka inavyopita, jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kisha fuata hatua hizi kwa mpangilio:

1. Safisha. Baada ya kuosha na kukausha, pitisha kitambaa chenye spiriti ndani ya mkwaruzo ili kuondoa nta na mafuta. Usitumie petroli: huacha utando wa mafuta, na mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo.

2. Ondoa kutu. Kunja kipande kidogo cha msasa wa namba 320 na usugue ndani ya mfereji tu, hadi wekundu wote uishe. Kutu iliyofunikwa kwa rangi huendelea kula chini kwa chini, na baada ya miezi kadhaa rangi mpya huvimba kama jipu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Paka praima, ikiwa chuma au plastiki imeonekana. Tumia brashi nyembamba sana au ncha ya kijiti cha kuchokolea meno. Jaza mfereji pekee. Plastiki ina praima yake maalumu, na ile ya chuma haishiki vizuri juu yake. Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo.

4. Paka rangi kwa tabaka nyembamba, mbili au tatu, ukiacha kila moja ikauke. Tabaka moja nene huonekana nzuri siku ya kwanza, kisha hujikunja na kupasuka. Rangi isivuke kingo za mkwaruzo.

5. Paka vanishi ya kujazia, hadi iinuke kidogo sana juu ya uso wa gari.

6. Subiri. Hatua hii ndiyo inayowashinda wengi. Acha angalau wiki 1 bila kuisugua wala kuiosha kwa nguvu.

7. Sawazisha. Chukua msasa wa maji wa namba 2000, uliolowekwa na kuzungushiwa kipande bapa cha mpira au mbao laini, upitishe taratibu juu ya kinundu ukiwa na maji mengi, kisha msasa wa namba 3000. Mahali hapo patakuwa na ukungu. Dawa ya kung'arisha itaurudisha mng'ao.

Rangi nyeupe au nyekundu isiyo na chembe za kumetameta huweza kufichika vizuri. Rangi ya fedha na nyingine zenye chembe hizo haifichiki kabisa kwa brashi, kwa sababu chembe hulala tofauti na zile za kiwandani. Aliye na gari la namna hiyo ajue tangu mwanzo kwamba lengo lake ni kuzuia kutu na kupunguza alama.

Kwa majira, kiangazi cha Juni hadi Agosti hukausha rangi vizuri lakini huleta vumbi, basi kazi ifanyike asubuhi kabla ya upepo. Wakati wa masika tafuta paa lisilovuja, na usipake rangi bati likiwa na umande.

YA KUEPUKA

Dawa ya meno ina chembe za kusugua, hivyo inaweza kufifisha mstari mwepesi sana, lakini haijazi chochote. Rangi ya viatu na nta ya mshumaa huficha hadi mvua ya kwanza, kisha huzuia rangi halisi isishike. Sabuni ya unga, majivu na waya wa kusugulia sufuria vibaki jikoni.

Usipulize rangi ndani ya chumba cha kulala, wala karibu na jiko la makaa au sigara, kwani tina na mivuke ya rangi huwaka haraka. Fungua milango, vaa barakoa na glovu, na watoto wakae mbali. Vanishi inayochanganywa na kigumisho ina kemikali ziitwazo aisosaineti, ambazo zinaweza kumletea mpulizaji pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Kazi hiyo aachiwe fundi mwenye vifaa kamili.

Mpelekee fundi pia ikiwa mkwaruzo umevuka milango kadhaa hadi kwenye chuma, ikiwa bati limebonyea, au ikiwa kutu imekwisha kuenea. Na ukiamua kulipaka gari lote rangi nyingine, nenda ofisi za OBR ukaulize kuhusu kurekebisha karte roze kabla ya kuvuka mpaka. Gari jeupe barabarani ambalo ni la bluu kwenye hati litasimamishwa, na dereva hatakuwa na haki ya kushangaa: magari ya wizi pia hubadilishwa rangi.

Tunaongeza onyo moja. Maelezo haya ni kwa mkwaruzo ambao mwenye gari ametendewa. Gari lililomgonga mtu au kugongana na jingine lisitengenezwe kabla ya polisi kulikagua. Kufuta alama za ajali ni kuficha ushahidi.

KUTIBU UJIRANI

Aliyekwaruza akijulikana, njia si moja. Mlalamikaji anaweza kufuata mashtaka hadi mwisho. Anaweza pia, hasa mkosaji akiwa jirani, ndugu au kijana wa mlimani hapo, kukubali kikao mbele ya Bashingantahe. Sisi hatuzioni njia hizi kuwa maadui. Wazee wanaweza kufika mahali ambapo hukumu haifiki: kwenye ugomvi ulioanza kabla ya mkwaruzo. Lakini mapatano hayamfungi mikono mwendesha mashtaka, na penye tishio la maisha au chuki ya kabila polisi lazima wajulishwe, hata kama pande mbili zimepeana mikono.

Mapatano yakifanyika, yaandikwe. Hati itaje tarehe, uharibifu, gharama, siku ya kulipa na mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Gharama ihesabiwe kwa risiti za vifaa au bei ya fundi, na siku ambazo teksi ililala bila kazi zihesabiwe kwa haki. Anayedai bei ya mlango mpya kwa mstari unaofutika kwa kitambaa anapanda mbegu ya ugomvi mwingine. Kwa upande wake, mkosaji anayelipa na kukiri asidhihakiwe njiani, la sivyo kesho usiku atarudi na msumari.

Ili yasitokee tena, gari liegeshwe penye mwanga na mlinzi anayejulikana, na wale wanaoegesha pamoja wachangiane kumlipa. Wenye teksi wapange zamu ya abiria na kuiheshimu. Anayedaiwa aseme lini atalipa kabla hajatafutwa. Na anayeona mtu akizungukazunguka magari usiku asinyamaze kwa kuwa gari si lake.

Hatimaye, ndugu wasomaji, kumbukeni mpangilio: picha, taarifa, kisha maji na kitambaa. Aliyekuta gari lake limechorwa leo asubuhi asikae peke yake na hasira hadi jioni. Aje kituoni na picha zake, awaeleze maafisa alichokiona na si anachokidhani, kisha arudi nyumbani akapime kwa ukucha kina cha hasara yake. Mara nyingi ataikuta ni ndogo kuliko alivyodhani alipofungua mlango.